Mgongo Uliobeba Pampu

Pampu ile ilikuwa ya samawati, ya kubebwa mgongoni, na ilikuwa ikivuja tangu kabla sijaolewa. Naanza na hilo kwa sababu kila mtu aliyekuja kutuona baadaye aliniuliza, "Kwani wewe ulifanya nini mtoto akawa hivyo?" Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya pampu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza Form Four, na cheti changu, chenye alama nzuri za Kiingereza na Bayolojia, kilikuwa kimekunjwa ndani ya Biblia, na Biblia ndani ya sanduku, na sanduku chini ya kitanda, katika boma la baba mkwe wangu upande wa chini wa Mbumbuni, kule udongo unapoanza kuwa mawe. Mume wangu alifanya kazi Mombasa. Alikuwa akija Krismasi na Pasaka, kama sikukuu zenyewe. Mtoto wetu, msichana, alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Pamba ilikuwa ya baba mkwe. Mgongo wa kuinyunyizia ulikuwa wangu.

Lazima niseme habari ya maji, maana bila hiyo mtu wa mahali pengine ataniona mjinga kuliko nilivyokuwa. Bomani kulikuwa na tangi la mabati lililokinga mvua kutoka kwenye paa la nyumba kubwa. Mfereji wake ulifungwa kwa mnyororo na kufuli, na ufunguo ulikaa kwenye mfuko wa suruali ya baba mkwe, umefungwa kwa uzi wa katani. Kila jioni alifungua mwenyewe, debe moja kwa jiko la mama mkwe, debe moja kwa jiko langu, basi. Yaliyobaki ya kutumia tulikwenda kuyachimba mtoni kwenye mchanga, ukiinama ndani ya shimo mpaka bega, unachota kwa kibuyu nusu nusu. Kwa hiyo maji kwetu hayamwagwi kabla hayajamaliza kazi zote. Yakishamwogesha mtoto yanafua matambara, yakishafua matambara yanaosha miguu, yakishaosha miguu yanakwenda kwenye shina la mpapai. Nililelewa hivyo na nilijivunia. Nilikuwa naweza kuosha watu watatu kwa karai moja na mpapai ukanywa.

Dawa ya pamba ililetwa na bwana shamba. Alifanya mkutano sokoni, akavaa glavu na buti ndefu, akaonyesha wanaume namna ya kuchanganya. Wanawake hatukuitwa. Baba mkwe akarudi na mkebe, akamimina dawa kwenye chupa za soda ili iwe rahisi kupima kwa kizibo, na mkebe akautoboa ukawa taa ya kibatari. Karatasi ya maelezo iliungua na mkebe. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Katika boma lote mtu pekee ambaye angeweza kuisoma alikuwa mimi, na mtu pekee aliyebeba kitu kile mgongoni alikuwa mimi, na hao wawili hawakukutanishwa.

Siku hiyo nilinyunyiza pampu nne. Ukiimimina kwenye maji ile dawa inageuka nyeupe kama maziwa, na harufu yake inakaa nyuma ya pua, unaila na chakula. Mpira wa chini ya pampu ulikuwa umepasuka ukafungwa kwa kitambaa. Kufikia pampu ya pili rinda langu lilikuwa limelowa kutoka mabegani hadi kiunoni. Jua lilikuwa kali sana. Nakiri hapa jambo ambalo sijamwambia mtu: ule ubaridi mgongoni niliupenda.

Nilirudi nyumbani kama saa kumi, nikikusudia kuoga. Bafu yetu ilikuwa magunia manne yaliyoshonwa kwenye miti, nyuma ya jiko, na njia ya kwenda huko inapita mbele ya veranda ya nyumba kubwa. Kwenye veranda alikuwa ameketi baba mkwe na wageni wawili, wazee wa kanisa, waliokuja kuzungumza habari ya paa la kanisa. Basi ndiyo hivyo. Mke wa kijana wa boma hapiti mbele ya wageni wa baba mkwe wake na karai la kuogea mkononi. Anasimama, anainamisha kichwa, anasalimu, anapika chai, anaigawa kwa mikono miwili. Kuoga ni baadaye, wageni wakishaondoka, hata kama umelowa nini.

Nilipiga goti nikasalimu. Mama mkwe akatoka jikoni na mtoto mikononi, mtoto amevaa kaptura tu kwa sababu ya joto.

"Shika wako," akasema. "Amelia mpaka ameniziba masikio. Na hao wazee wanangoja chai, usikae hapo kama sanamu."

"Mwaitu, nimelowa dawa," nikamwambia, maana ndivyo tunavyoita mama kwetu.

"Utakauka ukiwa na moto."

Nikamtia mtoto mgongoni, nikamfunga leso. Ndipo mtoto anapokaa mama akipika, moto uko mbele na mtoto yuko nyuma. Nilimbandika tumbo lake tupu na shavu lake kwenye rinda lililolowa, nikakaza fundo kifuani, naye akanyamaza na kulala. Nikaona nimefaulu.

Nilipika chai, nikapeleka. Nikaambiwa niongeze, nikaongeza. Mzee mmoja, aliyekuwa na meno mawili ya dhahabu na mzaha mwingi, akamwambia baba mkwe, "Huyu bibi mmepata wapi? Amesoma mpaka Form Four na bado anapiga goti! Wa kwangu alifika darasa la saba, na mimi ndiyo nampikia chai."

Wakacheka. Baba mkwe akacheka sana. Nami nikatabasamu, maana nilisifiwa, na mtoto alikuwa mgongoni mwangu akinywa sumu kwa ngozi yake.

Nilipoinama kukusanya vikombe nilihisi umajimaji wa moto ukishuka kwenye shingo yangu. Nikadhani ni mate ya meno, alikuwa anaota magego. Halafu akatapika. Nikamshusha. Jasho lilikuwa likimtoka kama amemwagiwa maji, mate yanavutika kama uzi, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, mchana kweupe zikanitazama bila kuniona. Ngozi ya mikono yake ilikuwa ikirukaruka yenyewe, vile ngozi ya ng'ombe inavyoruka kufukuza nzi. Nikanusa shavu lake. Ilikuwa ile harufu ya nyuma ya pua.

"Ni dawa," nikasema. "Dawa ya pamba imemwingia."

Hapo kila mtu akawa daktari.

Mama mkwe alikimbilia jikoni akarudi na majivu mikono miwili, akamsugua nayo tumboni na usoni. Kisha akaleta samli kwenye kibuyu. "Mafuta inakata sumu," akasema, na kabla sijasema neno alikuwa amempaka kifua chote, kinang'aa. Baba mkwe akasimama kwenye veranda akaamuru maziwa. "Mpe maziwa anywe, maziwa inaosha tumbo." Mzee wa meno ya dhahabu akashauri mafuta ya taa, kwa sababu yeye alipomwagikiwa rangi aliitoa kwa mafuta ya taa. Mzee wa pili, mpole, akavua kofia akasema tutangulize maombi.

"Maji," nikasema mimi. "Baba, fungua tangi."

"Maji iko kwa karai."

"Karai haitoshi."

"Mtoto mwenyewe ni mdogo hivi, karai haimtoshi? Unataka aogelee?"

Mzee wa meno ya dhahabu akacheka kidogo, kisha akaacha.

Baba mkwe hakuwa mtu mbaya. Naandika hivyo kwa hasira, si kwa huruma, maana angekuwa mbaya ningekuwa na kazi rahisi. Alikuwa amezika ng'ombe kumi na mmoja katika ukame mmoja, na tangu siku hiyo aliona maji kama watu wengine wanavyoona damu. Karai alinipa. Alilibeba mwenyewe, akaliweka miguuni pangu.

Nikamketisha mtoto ndani. Nikapaka sabuni, nikamsugua kwa gunzi la hindi, kwa nguvu, kama ninayekwangua sufuria, ile samli na majivu vitoke. Maji yakawa ya kijivu, halafu meupe. Na mimi, mwenye Bayolojia, niliyeandika mtihani na kuchora ngozi ya binadamu na tabaka zake kwa penseli iliyochongwa vizuri, nilichukua kikombe nikachota maji yale yale nikammwagia kichwani. Nikachota tena. Nikachota tena. Hakuna aliyenizuia, maana hakuna aliyeona kosa. Hivyo ndivyo tunavyooga. Maji bado yalikuwa na kazi.

Akaanza kukoroma. Midomo ikapauka. Niliinama kumkumbatia na harufu ikapanda kutoka kwenye karai ikanipiga usoni, kali kuliko ile ya kwenye pampu, na hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nikifanya. Nilikuwa nimemketisha ndani ya dawa.

Nikamnyakua na kulipiga karai teke. Maji yakaenda uani.

"Maji!" mama mkwe akapiga kelele.

Mpaka leo ninaisikia sauti hiyo. Mtoto alikuwa mikononi mwangu anageuka rangi, na mama mkwe akalilia maji.

"Baba, ufunguo."

Akaweka mkono juu ya mfuko. "Ngoja kwanza tuzungumze."

Jembe lilikuwa limeegemea ukuta. Nilivuta kanga kavu iliyoanikwa kwenye ua, nikamlaza mtoto juu yake, nikachukua jembe, nikapiga kufuli kwa kisigino cha jembe. Pigo la kwanza liliruka. La pili lilikata mnyororo. Nikafungua mfereji wote. Kisha nikavua. Rinda lilikuwa limenigandia, nikalipasua kutoka shingoni, nikalitupa mbali, nikabaki na shimizi mbele ya baba mkwe wangu na wazee wawili wa kanisa. Kwetu hilo ni jambo ambalo halina hata jina. Wazee watatu wakageuka kwa pamoja wakatazama ukuta, kama wanafunzi waliochelewa.

Nilimshika mtoto chini ya mfereji. Maji yalimpitia yakaenda zake. Sikuwahi kuona maji yakienda zake hivyo katika boma lile, yanafanya kazi moja tu na kuondoka. Niliosha kwa mkono na sabuni, taratibu sasa, nyuma ya masikio, kwapani, kwenye mikunjo ya mapaja, katikati ya vidole, nywele, nywele tena. Nikajimwagia na mimi mgongoni. Yule mzee mpole alikuwa anaomba kwa sauti akitazama ukuta, na baba mkwe alikuwa akisema, "Inatosha. Sasa inatosha. Wewe, inatosha." Sikufunga. Nikaendelea mpaka mtoto akalia, kilio kidogo, kibaya, cha paka, lakini kilio. Nikamfunga shuka kavu, nikajifunga nyingine, nikakimbia barabarani.

Pikapu ya mwenye duka moja la sokoni ilitupeleka hadi kituo cha afya. Njia nzima nilimlaza upande, mate yasimwingie, na nilimwita jina lake kila jiwe tuliloruka.

Walimchoma sindano, wakangoja, wakamchoma tena, wakangoja, tena na tena, mpaka mate yakakauka na mashavu yakawa mekundu. Muuguzi aliyekaa nasi alikuwa rika langu, labda angekuwa darasani kwangu. Mtoto alipoanza kupumua vizuri alivuta stuli akaniuliza, si kwa ukali.

"Sasa niambie mlifanya nini, moja moja. Majivu?"

"Mama mkwe alimsugua nayo."

"Angeyamwaga tu juu ya ule umajimaji, yakanyonya, akayapangusa yakatupwa, ningemshukuru. Hata unga, hata udongo mkavu unafanya hivyo pale maji hayako karibu. Ila si kusugua. Kusugua ni kuiingiza. Na hapa kwa ngozi naona mafuta."

"Samli."

Akafumba macho. "Hiyo dawa inapenda mafuta kama watu wa harusi. Ukiipaka samli umeitandikia kitanda. Maziwa?"

"Hakunywa. Alitapika."

"Afadhali. Mtoto anayetapika na kurukaruka hivi hapewi kitu mdomoni, angevuta kwenye mapafu. Mafuta ya taa?"

"Walitaka. Sikukubali."

"Basi Mungu yuko." Akageuza mkono wa mtoto, akaona mistari myekundu. "Hii nayo?"

"Gunzi. Ni mimi."

"Mkono na sabuni vinatosha. Ukichubua ngozi umevunja ukuta." Akaandika. "Ulitumia maji gani?"

Nikamweleza karai. Nikamweleza kikombe. Akaendelea kuandika. Halafu nikamweleza tangi.

"Hayo ndiyo yamemleta hapa akiwa hai. Maji mengi, yanayopita, yasiyorudi. Hayo na kuvua nguo. Lakini ungeanza na nguo."

"Alikuwa na kaptura tu."

"Si zake," akasema. "Zako."

Nililia hapo kwa mara ya kwanza. Muuguzi akanipa kitambaa cha pamba, nikakitazama, nikakataa, nikajifuta kwa mkono.

Tulikaa siku nne. Mtoto alipona. Anatembea, anasema, anagombana na kuku. Mkono wake wa kushoto hutetemeka akishika kikombe. Wengine wananiambia utaacha kutetemeka, wengine wananiambia mimi ndiye ninayeutazama sana.

Tuliporudi tulikuta kikao. Sikuwa nimefunga mfereji nilipokimbia. Wazee walikuwa wakitazama ukuta, mama mkwe alikuwa amenifuata barabarani akilia, na tangi lilijimwaga lote mpaka chini. Mvua ilikuwa bado miezi. Boma zima lilikuwa likienda mtoni alfajiri, hata baba mkwe mwenyewe, na magoti yake yale. Kwa hiyo walikuwa na haki ya kukasirika, na sijasema hawakuwa nayo. Waliniketisha kwenye kigoda cha chini. Wakazungumza habari ya mfereji. Wakazungumza habari ya kufuli. Mama mkwe akazungumza habari ya shimizi, kwa sauti ndogo, kama msiba. Nikaambiwa niombe radhi.

Nikaomba radhi kwa ajili ya mfereji. Nikangoja. Nilidhani baada yangu atafuata mtu mwingine, aseme habari ya pampu, au ya mkebe, au ya chai. Nilingoja mpaka nikaona wanatafuta viatu vyao.

Baada ya wiki mbili pamba ilihitaji kunyunyizwa tena. Asubuhi nilifungua mlango nikaikuta pampu kizingitini, imefungwa chini kwa kipande kipya cha mpira wa baiskeli.

"Sibebi," nikasema.

Baba mkwe alikuwa amesimama karibu na zizi. "Sasa nani atabeba?"

"Mwenye pamba."

"Hivyo ndivyo walikufunza shule?"

"Ndiyo, baba. Ila nilichelewa kukumbuka."

Mama mkwe akapiga makofi mawili ya mshangao. Mzee aliingia ndani. Alivaa koti lake la mvua, zito, la jeshi la zamani, ambalo sikuwahi kujua lipo. Lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wake miaka yote ile. Akabeba pampu akaenda.

Alirudi saa kumi. Mimi nilikuwa nikichambua maharagwe mlangoni kwangu, mtoto akicheza mbele yangu. Siku hiyo pia kulikuwa na mgeni kwenye veranda, shemeji yake kutoka Makindu, aliyekuwa amengoja tangu mchana. Baba mkwe alipita mbele yake bila kumpa mkono, bila hata kusimama. "Nakuja," akasema tu, akaenda moja kwa moja kwenye bafu ya magunia. Na huko nikaona yamepangwa madebe matatu ya maji, yamejaa, na kipande cha sabuni juu ya jani la mgomba, na bakuli la majivu makavu yaliyochekechwa pembeni, na nguo safi juu ya mti. Mama mkwe alikuwa ameyabeba kutoka mtoni tangu asubuhi, safari tatu. Nikamsikia akimwambia kwa nje ya gunia, "Toa koti kwanza. Usisugue. Hiyo maji imwage yote, usirudishe kwa karai."

Nilikuwa nimewasimulia mara moja tu maneno ya muuguzi, jioni ile ya kikao, wakati wanatafuta viatu. Nilidhani hakuna aliyesikia.

Maji yalisikika yakimwagika chini, mengi, yakatiririka chini ya magunia mpaka njiani. Mgeni kwenye veranda hakusema mzee amekosa adabu. Alikunywa chai yake.

Mtoto akainuka, akaja nyuma yangu, akaegemeza tumbo lake mgongoni mwangu na kunyoosha mikono nimfunge leso. Rinda hili lilikuwa jingine na safi, nilikuwa nimelifua mwenyewe. Hata hivyo nilimtoa huko nikamweka mbele, mapajani, juu ya maharagwe. Akalia. Alitaka mgongo. Kila siku anautaka, na kila siku namnyima.